Jicho la pweza na la binadamu: Kufanana bila kurithiana

WAVUVI wa mwambao wanapomtoa pweza katika pango lake wakati maji yamekupwa, kinachowashangaza zaidi wasiomzoea si mikono yake minane, bali ni macho. Yamechomoza juu ya kichwa, mboni zake nyeusi zimelala kama mistari, na humfuata mtu kila anaposogea.

Mnyama huyo hana mfupa hata mmoja. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na konokono, chaza na kome kuliko samaki anayeuzwa naye katika meza moja sokoni. Hata hivyo, jicho lake lina karibu kila kitu kilichomo katika jicho la binadamu: mboni inayopanuka na kusinyaa, lenzi moja inayokusanya mwanga, chumba chenye giza, na retina, yaani utando wa nyuma wenye seli zinazopokea picha.

Mfanano huo haukutokana na urithi. Babu wa pamoja wa binadamu na pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, naye anaaminika kuwa alikuwa mnyama mdogo mwenye mwili laini, ambaye macho yake hayakuzidi madoa ya kutambua mwanga na giza. Jicho lenye lenzi lilijengwa baadaye, mara mbili, kila ukoo kwa njia yake. Ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya jicho lenyewe.

Njia ya neva

Katika jicho la binadamu, seli zinazopokea mwanga zimeupa mgongo mwanga huo. Neva zinazobeba taarifa kwenda kwenye ubongo ziko mbele ya seli hizo, hivyo hazina budi kukusanyika na kutoboa retina ili zitoke nje. Mahali zinapotokea hapana seli ya kuona hata moja, na ndipo penye doa pofu.

Msomaji anaweza kulithibitisha doa hilo kwa karatasi. Achore alama mbili zilizoachana kwa sentimita 8, afunge jicho la kushoto, kisha aitazame alama ya kushoto kwa jicho la kulia huku karatasi ikiwa umbali wa sentimita 30 hivi. Akiisogeza karatasi polepole mbele na nyuma, alama ya kulia itatoweka.

Pweza hana doa hilo. Seli zake zimeuelekea mwanga, na neva zinatokea kwa nyuma, zikiingia moja kwa moja katika sehemu mbili kubwa za ubongo zilizo nyuma ya macho. Mwanazuoni wa Uingereza, J. Z. Young, aliyewachunguza pweza kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa bahari cha Naples, Italia, alionyesha umuhimu wa sehemu hizo katika kujifunza na kukumbuka mambo yaliyoonwa. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500. Takribani theluthi mbili ziko mikononi, na kati ya zilizobaki kichwani, nyingi ni za kazi ya kuona.

Tofauti hiyo huanza mapema, mnyama angali kiinitete. Retina ya binadamu huchipuka kutoka kwenye ubongo, ambapo kijiti kidogo hutokeza kuelekea nje na kujikunja kama kikombe. Ya pweza huanza kama sehemu ya ngozi inayobonyea kuelekea ndani. Kwa kuwa mwanzo ni tofauti, upande unaotazamwa na seli nao umekuwa tofauti.

Wapo waliolitumia jambo hilo kudai kwamba jicho la binadamu limejengwa vibaya na la pweza ndilo bora. Dai hilo lina ukweli nusu. Mwaka 2007, watafiti wa Ujerumani wakiwamo Kristian Franze na Andreas Reichenbach walionyesha kwamba zipo seli ndefu zinazopenya tabaka za retina na kuusafirisha mwanga hadi nyuma bila kuutawanya, mfano wa nyuzi za kioo zinazotumika katika mawasiliano ya simu. Aidha, tabaka iliyo nyuma ya seli za kuona huzilisha na kuondoa mabaki yake. Mwaka 2022, Tom Baden na Dan-Eric Nilsson waliongeza hoja nyingine: mpangilio huo huipa retina nafasi ya kuichambua picha ndani ya jicho kabla ya kuituma, jambo lenye manufaa makubwa kwa samaki wadogo wenye macho madogo. Pweza hupeleka taarifa zikiwa ghafi, na uchambuzi hufanyika kwenye ubongo. Ni vigumu kusema nani amepata hasara.

Lenzi ya mviringo

Mtu akizama bila miwani ya kuzamia huona ukungu mtupu. Sababu ni kwamba nchi kavu, kazi kubwa ya kuupinda mwanga hufanywa na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Chini ya maji konea haina msaada, kwa kuwa nje na ndani yake kuna majimaji yanayofanana. Kiumbe wa baharini hutegemea lenzi pekee, nayo lazima iwe na nguvu nyingi.

Ndiyo maana ndani ya jicho la samaki aliyepikwa hupatikana kigololi cheupe, kigumu na cha mviringo kamili. Hiyo ni lenzi yake. Ya pweza na ngisi nayo ni ya mviringo. Kwa kawaida, gololi ya kioo huvuruga picha, kwa kuwa mwanga unaopita pembezoni hupindwa kupita kiasi. Wanyama hawa waliepuka kasoro hiyo kwa kuifanya lenzi iwe nzito katikati na nyepesi kadiri inavyokaribia ukingoni. Samaki na ngisi wote walifikia suluhisho hilo, kila mmoja kivyake.

Malighafi, hata hivyo, ni tofauti. Sehemu ya protini za lenzi ya binadamu ina asili moja na protini zinazozikinga seli dhidi ya madhara ya joto. Nyingi za lenzi ya ngisi zilitokana na kimeng'enya kinachoondoa sumu mwilini, ambacho kiligeuzwa kazi. Utafiti wa Alison Sweeney na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha jinsi protini hizo za ngisi zinavyoshikana zenyewe kwa viungo vichache, kutoka utepetevu wa nje hadi ugumu wa katikati, huku lenzi nzima ikibaki angavu.

Namna ya kulenga pia hutofautiana. Misuli ya jicho la binadamu huibadili lenzi umbo, ikawa nene kwa kitu kilicho karibu na nyembamba kwa kilicho mbali. Pweza haibadili lenzi yake, bali huisogeza mbele na nyuma, kama mpiga picha anavyofanya kwa kamera.

Kutoka doa hadi lenzi

Charles Darwin alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba wazo la jicho kujengeka hatua kwa hatua linaonekana kama upuuzi mtu anapolisikia kwa mara ya kwanza, kisha akaeleza ni kwa nini linawezekana. Ukoo wa pweza unatoa mifano ambayo bado ipo hai. Baadhi ya makombe yanayong'ang'ania miamba yana macho yaliyo kama kikombe kilicho wazi, yenye uwezo wa kutambua mwanga unatoka upande gani na si zaidi. Nautilusi, jamaa wa pweza mwenye kombe la kujizungusha, ana jicho la shimo lenye tundu dogo lisilo na lenzi, na maji ya bahari huingia humo. Picha yake ni hafifu, lakini ni picha.

Mwaka 1994, Nilsson na Susanne Pelger walikokotoa muda unaohitajika kwa ngozi bapa yenye seli za mwanga kuwa jicho kamili lenye lenzi, ikiwa kila hatua ni badiliko dogo lenye faida. Walipata chini ya vizazi 364,000. Kwa wanyama wadogo wa baharini wanaozaa kila mwaka, huo ni muda mfupi katika historia ya dunia.

Utafiti wa jeni umeongeza jambo ambalo Darwin hakuweza kulijua. Maabara ya Walter Gehring huko Basel, Uswisi, ilionyesha mwaka 1995 kwamba jeni moja huamuru ujenzi wa jicho katika nzi, na kwamba jeni ya panya ya aina hiyo hiyo, ikiwekwa kwenye nzi, huchipusha macho ya nzi mahali pasipostahili. Miaka miwili baadaye ilithibitika kwamba ya ngisi nayo hufanya hivyo. Mwaka 2004, watafiti wa Japani walilinganisha jeni zinazofanya kazi katika jicho la pweza na la binadamu, wakakuta kwamba 729 kati ya 1,052 walizozichunguza zinatumika katika macho yote mawili. Kwa hiyo babu yule wa kale hakuwaachia wajukuu jicho, bali aliwaachia sanduku la zana, na kila upande ukajenga kwa zana zilezile.

Rangi asizoziona

Fumbo linalowasumbua zaidi wataalamu ni rangi. Pweza hujigeuza kahawia, kijivu au madoadoa kufuata jiwe alilolalia, ilhali spishi karibu zote zilizochunguzwa zina aina moja tu ya kemikali ya kupokea mwanga. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kutofautisha rangi kwa njia anayoitumia binadamu, mwenye aina tatu za seli za rangi. Anayejulikana kukiuka kanuni hiyo ni ngisi mdogo wa Japani anayeng'aa usiku, ambaye ana kemikali tatu.

Mwaka 2016, Alexander Stubbs na baba yake, Christopher Stubbs, walipendekeza kwamba mboni za ajabu za wanyama hawa ndizo ufunguo. Ya pweza ni mstari, na ya dome imejikunja kama herufi W. Mboni ya umbo hilo hufanya kila rangi ikusanyike katika umbali wake, hivyo mnyama anayesogeza lenzi mbele na nyuma angeweza kuijua rangi kwa kupima ni wapi picha inakuwa safi. Pendekezo hilo bado linabishaniwa. Mwaka uliotangulia, watafiti wa California walikuwa wameonyesha kwamba hata kipande cha ngozi ya pweza kilichotengwa na mwili huuitikia mwanga kwa kutanua madoa yake ya rangi.

Lisilo na ubishi ni kwamba pweza na ngisi huona kitu ambacho binadamu kwa kawaida hakioni: upande ambao mawimbi ya mwanga yanatetemea. Seli zao zimepangwa katika pande mbili zinazokatana, na kwa tofauti hiyo huweza kumbaini samaki anayejificha kwa magamba ya kung'aa, au mdudu wa baharini aliye angavu kama kioo.

Mboni ya pweza, aidha, hubaki imelala sawa na upeo wa bahari hata mwili ukiinama, kwa amri ya viungo vya mizani vilivyomo kichwani. Viungo hivyo vikiondolewa, mboni huinama pamoja na mwili, na pweza aliyefundishwa kutofautisha mstari wa wima na wa mlalo huanza kukosea.

Katika kina kirefu, mahitaji ni mengine. Ngisi mkubwa kupindukia aliyenaswa katika Bahari ya Ross mwaka 2007, mwenye uzito wa kilo 495, alichunguzwa mwaka uliofuata katika jumba la makumbusho la Te Papa huko Wellington, New Zealand, na jicho lake likakadiriwa kuwa na kipenyo cha sentimita 27, zaidi ya mpira wa miguu. Nilsson na wenzake walipiga hesabu mwaka 2012 wakaona kwamba ukubwa huo hauna faida ya maana katika kutafuta chakula. Faida yake ni kumwona nyangumi mla ngisi akiwa umbali wa zaidi ya mita 100, kwa njia ya vimulimuli vya baharini vinavyowaka anapovipita gizani.

Macho ya pweza yana kazi nyingine isiyohusu kuona. Mwaka 1959, Martin na Joyce Wells waligundua kwamba pweza aliyekatwa neva za macho hupevuka na kuwa tayari kuzaa mapema kuliko wenzake. Sababu ni tezi mbili ndogo zilizo karibu na neva hizo, ambazo hubaki zimezuiwa mpaka wakati wake ufike. Zikifunguliwa, jike hutaga, huyalinda mayai bila kula, kisha hufa. Mwaka 1977, Jerome Wodinsky aliziondoa tezi hizo kwa majike yaliyokuwa yakilalia mayai. Yaliyaacha mayai, yakarudi kula na kuongezeka uzito, na yakaishi zaidi ya wenzao.