Watu wa Kambi na Watu wa Kijiji katika Katanga

Wanaseminari wetu huuliza: inchi hii ina watu wangapi? Ulizo hilo ni jema, lakini liko lingine la kulitangulia: ni watu gani? Vijiji viwili vyaweza kuwa na watu mia tatu kila kimoja. Kimoja kimejaa watoto, kingine kina wazee na wajane tu. Hicho cha pili kitakwisha, hata pasipo vita wala tauni.

Tazameni Katanga. Mwaka 1906 Wabeleji waliunda kompani ya Union Minière. Mwaka 1910 reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Lakini watu wa karibu walikuwa wachache. Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kuiharibu inchi, na malale iliua wengi kando ya Luapula na ziwa Tanganyika. Basi kompani ilitafuta mikono mbali: Rhodesia, Lomami, Kasai, kisha Rwanda na Burundi. Walichukuliwa hasa wanaume vijana, bila wake zao, kwa muda mfupi. Walilala wengi katika nyumba moja, wakafa kwa kichomi na kuhara, na mwaka 1918 kwa yale mafua makali yaliyozunguka dunia nzima. Kambi ilijaa watu, lakini haikuzaa. Huko kijijini mke alibaki na jembe na mama mkwe, na miti ya shamba haikuwa na mtu wa kuikata. Hivyo mume mmoja akiondoka, uzazi ulipungua mahali pawili.

Karibu na mwaka 1928 kompani iligeuza desturi. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza wanaume waje na wake zao, ikawapa nyumba na posho, ikajenga nyumba za kujifungulia, na shule ikazikabidhi kwa wamisioni. Vifo vilipungua, watoto wakaongezeka.

Tusiseme kwamba huruma peke yake ndiyo iliyowasukuma. Kumleta mtu toka mbali, kumfundisha, kisha kumzika, ni gharama; mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho. Hata maziwa waliyogawiwa watoto yalikuwa na hesabu yake. Kwa desturi ya wazee mama alinyonyesha miaka miwili au mitatu, wala mume hakumkaribia. Mtoto akiachishwa mapema, mwingine huja upesi. Mapadri waliotutangulia walifurahi kuona ndoa zimekaa pamoja, nao walikuwa na haki. Labda walichelewa kuuliza ni nani aliyezipangia ndoa hizo watoto.

Mahali pengine mambo yalikuwa kinyume. Uchunguzi wa miaka 1955–1957 uliona kwamba huko Uele na Équateur wanawake wengi mno hawakupata mtoto hata mmoja. Waganga wa hospitali walishtaki hasa kisonono, ugonjwa unaokwenda na misafara, na askari, na watu wa kazi. Lakini kijijini lawama lilimwangukia mwanamke. Aliitwa mchawi, akarudishwa kwao, mali ikadaiwa. Ni mashauri mangapi ya namna hii yalisikilizwa barazani mwa misioni, wala hakuna aliyemwuliza mume alikotembea?

Hesabu kubwa ya watu wa inchi nzima ilifanyika mwaka 1984, ikapata karibu milioni 30. Tangu hapo haikufanyika nyingine. Kwa hiyo vitabu vya parokia vina thamani kuliko tunavyodhani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuandika ndoa na ubatizo. Kitabu cha wafu kiliamriwa baadaye. Katika parokia moja tulivifungua vyote vitatu. Cha ubatizo kimeandikwa vizuri. Cha wafu kina kurasa nyingi tupu, maana mtoto akifa juma lake la kwanza, bibi zake humzika nyuma ya nyumba kabla ya jua kuchwa, na katekista hapewi habari.