Upotevu wa uoni katika akromegalia
Akromegalia, maradhi yaliyopewa jina na tabibu Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886, kwa kawaida husababishwa na uvimbe wa tezi ya pituitari unaotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Uvimbe mkubwa, wa milimita 10 au zaidi, huweza kupanda na kubana makutano ya neva za macho. Nyuzi zinazopishana hapo ndizo huumia mapema, hivyo mgonjwa hupoteza uoni wa kando, kulia na kushoto, huku bado akisoma vizuri ubao wa herufi. Si ajabu dalili hii hupuuzwa zaidi kuliko viatu vinavyobana kwa sababu ya miguu kukua. Kipimo cha uwanja wa kuona huibainisha. Upasuaji kupitia puani huondoa mgandamizo, na mara nyingi uoni huimarika, isipokuwa neva zikiwa zimeshasinyaa.