Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Katika nchi yetu ni nadra kumpata mtu aliyeichagua Simba au Yanga baada ya kukaa chini na kuhesabu mabao. Aghalabu mtu huikuta timu nyumbani kwa baba yake, au kwa rafiki zake wa mtaani, akaipenda kwanza, kisha akazitafuta hoja baadaye. Nimepata kuuona ushabiki wa namna hiyo hiyo ugenini, lakini haukuwa wa mpira. Ulikuwa ushabiki wa kompyuta za nyumbani, ambazo Waingereza walizibishania sana katika miaka ya 1980. Napenda kueleza hapa ubishi ule ulitokana na nini, mimi nilisimama upande gani, na kwa nini nadhani unatuhusu sisi tuliofanya kazi ya kufundisha walimu.

Kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa mali ya benki, vyuo vikuu na idara za serikali. Mtu wa kawaida hakuiota. Mambo yalibadilika haraka mno. Mwaka 1980 Clive Sinclair, mvumbuzi na mfanyabiashara wa Cambridge, alitoa kompyuta iitwayo ZX80 kwa bei iliyo chini ya pauni 100. Mwaka uliofuata akatoa ZX81, nayo iliuzwa pauni 69.95 ikiwa imekwisha unganishwa. Tarehe 23 Aprili, 1982, alitangaza ZX Spectrum: pauni 125 kwa yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na pauni 175 kwa yenye kilobaiti 48. Ilikuwa ndogo kama kitabu, ina vibonye vya mpira, na kioo chake kilikuwa televisheni ya sebuleni.

Mpinzani wake wa kwanza alitoka mji ule ule. Chris Curry, aliyewahi kufanya kazi na Sinclair, alianzisha kampuni ya Acorn pamoja na Hermann Hauser mwaka 1978. Shirika la utangazaji la BBC lilipotaka kompyuta ya kuendea sambamba na vipindi vyake vya kuwafundisha wananchi, Sinclair na Acorn wote waliitamani kazi hiyo. Acorn ikaipata. Wahandisi wake, Sophie Wilson na Steve Furber, walikuwa miongoni mwa walioitengeneza BBC Micro, iliyotoka Desemba 1981. Ilikuwa na kibodi imara na lugha nzuri, lakini bei yake haikuwa ya mchezo: aina iitwayo Model B ilipanda hadi pauni 399 mwaka 1982. Kwa kuwa serikali ya Uingereza ilizilipia shule nusu ya gharama ya kompyuta zilizokubaliwa, mashine hiyo iliingia madarasani kwa wingi.

Wa tatu alitoka ng'ambo ya Atlantiki. Jack Tramiel, Myahudi aliyezaliwa Łódź nchini Poland na kunusurika Auschwitz, alihamia Marekani akaanza maisha kwa kutengeneza mashine za chapa. Kampuni yake, Commodore, iliinunua mwaka 1976 kampuni iliyokuwa ikitengeneza chipu ziitwazo 6502, na kwa hiyo ikaweza kujitengenezea chipu zake kwa bei nafuu. Commodore 64 ilianza kuuzwa Agosti 1982 kwa dola 595. Mwaka 1983 bei zilishushwa kwa vita, hata maduka mengine ya Marekani yakaiuza kwa karibu dola 200. Kampuni kubwa ya Texas Instruments ilishindwa kuhimili ikajitoa katika biashara hiyo mwezi wa Oktoba mwaka ule. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii nyasi, yaani wanunuzi, zilipata mvua.

Mimi nilifika Uingereza mwaka 1984 kwa masomo ya mwaka mmoja ya elimu, nikiwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu. Nyumba niliyopanga ilikuwa na kijana wa miaka kumi na mitatu mwenye Commodore 64. Jirani yake alikuwa na Spectrum. Chuoni kwetu palikuwa na chumba chenye BBC Micro kadhaa. Basi nilizungukwa na pande zote tatu, na jioni nilisikiliza vijana wale wakitetea mashine zao kwa ukali ambao watu wazima hawakupungukiwa nao. Disemba ya mwaka huo huo Sinclair na Curry wenyewe walikorofishana hadharani katika baa ya Baron of Beef mjini Cambridge, kwa sababu ya tangazo la Acorn lililozibeza mashine za Sinclair.

Nilipowachunguza wale vijana niligundua kuwa hoja zao zilikuwa za kweli, ila hazikuwa sababu. Sababu ya kwanza ilikuwa mfuko wa mzazi. Mtoto wa mwenye kipato kidogo alipewa Spectrum. Mtoto ambaye baba yake aliamini kwamba kompyuta ni ya masomo alinunuliwa BBC. Sababu ya pili ilikuwa mtaa. Programu zilikaa katika kaseti, na kaseti ya Spectrum haikusomeka katika Commodore. Mwenye mashine tofauti na wenzake hakuwa na mtu wa kubadilishana naye michezo, akabaki kama mtoto mwenye mpira uwanjani peke yake. Hivyo mtaa mzima ulielemea upande mmoja, na kila mtu akaamini kuwa amechagua kwa akili yake. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Hata hivyo, tofauti zilikuwapo, na mwalimu hana budi kuzipima. Tuchukue mfano mdogo. Ukitaka ukingo wa kioo uwe mweusi, katika Spectrum uliandika BORDER 0. Neno moja na namba moja, basi. Katika Commodore 64 uliandika POKE 53280,0, maana yake: peleka sifuri katika chumba cha kumbukumbu nambari 53280. Mtoto angejuaje namba hiyo bila kukariri? Katika muziki mambo yalishangaza zaidi. Commodore ilikuwa na chipu ya sauti iliyobuniwa na Bob Yannes, yenye sauti tatu kwa pamoja, na hakuna mashine ya nyumbani ya bei yake iliyoimba vizuri kuliko hiyo. Spectrum ilitoa mlio mwembamba kama wa nyenje. Lakini mwenye Spectrum aliandika BEEP 1,0 akasikia noti ya kwanza papo hapo, hali mwenye Commodore ilimpasa kupeleka namba katika vyumba kadhaa kabla ya kusikia chochote. Chombo kilichoimba vizuri kabisa ndicho kilichokuwa kigumu kwa mwanafunzi kukipiga.

Rangi nazo zilikuwa na ubishi wake. Katika Spectrum kila mraba mdogo wa nukta nane kwa nane uliruhusu rangi mbili tu, hivyo picha zilipokutana ziliambukizana rangi. Kijana wa Commodore alilicheka jambo hilo kila siku. Jirani yake alimjibu kuwa Spectrum ilisoma kaseti kwa redio-kaseti yoyote ya nyumbani, wakati Commodore ilidai kinasa chake maalumu. Wote wawili walisema kweli.

Sasa niseme upande wangu. Kwa posho niliyobakiza nilinunua Spectrum iliyotumika, na niliipenda. Nilikaa nayo usiku, nikisubiri dakika nne au tano huku kaseti ikipiga kelele, kisha nikijaribu programu zangu mwenyewe. Lakini niliyoipenda zaidi ilikuwa BBC Micro ya chuoni, na sababu yangu ilikuwa ya kialimu. Lugha yake ya BASIC ilikuruhusu kuigawa kazi katika vipande na kukipa kila kipande jina. Katika mashine nyingine mbili aghalabu uliiambia kompyuta iende kwenye mstari wa 500, kisha wa 700, na baada ya wiki moja hukukumbuka 700 ni nini. Katika BBC nilitaka kuchora nyumba, nikaandika PROCukuta, PROCmlango na PROCpaa, nikaeleza chini yake kila jina lina maana gani. Mashine ikatii. Ikachora ukuta, ikachora mlango, na ilipofika kwenye neno la Kiswahili paa, ikachora paa.

Huenda jambo hili likaonekana dogo. Kwangu halikuwa dogo. Nilikuwa nimefika pale nikidhani kwamba chombo kile kina lugha yake na wenyewe wake, na kwamba sisi tutakipokea kama tunavyopokea mitumba, kikiwa kimeshonwa kwa kipimo cha mwingine. Nikaona kuwa mwenye kutoa majina ndiye bwana. Nikaona vilevile kuwa kugawa kazi kubwa katika hatua ndogo zenye majina ndilo jambo lile lile tunalowafundisha wanachuo wetu wanapoandika azimio la kazi na andalio la somo.

Nilipomaliza masomo mwaka 1985 niliiuza Spectrum yangu. Kuichukua kusingekuwa na maana. Mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Tena kompyuta ya nyumbani ilihitaji televisheni, na ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo wakati Waingereza wakibishana ni ipi bora kati ya tatu, sisi hatukuwa na hata moja ya kuibishania. Nilirudi na kitabu cha maelekezo tu, kilichoandikwa na Steven Vickers. Nilikitumia miaka mingi. Niliandika programu ubaoni kwa chaki, na wanachuo wakawa ndio kompyuta: mmoja akishika namba, mwingine akihesabu, wa tatu akitamka jibu. Walicheka, lakini walielewa hatua kwa hatua ni nini.

Huko zilikotoka, tembo wale walianguka mmoja mmoja. Olivetti ya Italia iliiokoa Acorn mwaka 1985 kwa kuchukua sehemu kubwa ya hisa zake. Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad mwaka 1986 kwa pauni milioni 5. Commodore ilifilisika mwaka 1994. Spectrum ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni tano na BBC Micro zaidi ya milioni moja, lakini mashine za mtindo wa IBM zilitawala maofisini, kisha majumbani. Chuo chetu kilipopata kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa za namna hiyo. Nilizishukuru sana. Hata hivyo niliona jambo lililonihuzunisha. Mashine za zamani ulipoziwasha zilikungoja uziamrishe. Hazikufanya lolote mpaka uandike. Hizi mpya zilifika na kazi zimekwisha andaliwa, na wanachuo wangu walijifunza mahali pa kubonyeza. Kuandika barua kwa kompyuta ni jambo jema, lakini mchapaji si mtunzi.

Sikuwa peke yangu katika huzuni hiyo. Huko Cambridge watu walioona kuwa wanafunzi wanafika chuo kikuu bila kuwahi kuandika programu walitoa mwaka 2012 kompyuta ndogo ya bei nafuu iitwayo Raspberry Pi. Waliziita aina zake za kwanza Model A na Model B, kwa heshima ya BBC Micro.

Sinclair alifariki mwaka 2021, na Tramiel alikuwa amemtangulia mwaka 2012. Ushabiki haukufa pamoja nao. Wajukuu zangu hubishana kuhusu simu: mmoja ana iPhone, mwenzake ana ya Android, na kila mmoja humwona mwingine kuwa amepotea. Siku moja niliwaeleza kwamba mwaka 1985 wale wale Wilson na Furber wa Acorn walimaliza kubuni chipu iliyoitwa ARM. Kwamba mwaka 1990 Acorn, Apple na VLSI waliunda kampuni ya kuiendeleza. Na kwamba simu zao zote mbili zinafanya kazi kwa chipu za ukoo huo. Niliwaambia pia kuwa zamani mambo yalikuwa vivyo hivyo. BBC Micro ilitumia chipu ya 6502, na Commodore 64 ilitumia ndugu yake, hivyo wale maadui wawili walikuwa watoto wa babu mmoja. Wajukuu walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kubishana.

Siwalaumu, maana hata mimi bado nina upande wangu. Ila nimewawekea swali moja la kuupima ubishi wao, na ndilo ambalo ningependa kila mwalimu ajiulize kabla ya kununua mashine kwa ajili ya watoto wa watu. Nawauliza: hiyo ya kwako, unaweza kuiambia kwa maneno yako mwenyewe ichore paa?