Mtoto wa Nani? Mali ya Ndoa Kwetu Masisi na Walikale

Siku ya kutoa mali kwetu maneno ni mengi. Wazee wa kijana wanaketi upande mmoja, wa binti upande mwingine, kasiksi iko katikati, na watu wanahesabu: mbuzi ngapi, dola ngapi, kikwembe cha mama, koti la baba. Vijana wetu wakiona vile wanasema: “Munauzisha mutoto!” Wazee wanakasirika. Katika kurasa hizi tunataka kueleza mali ilikuwa na kazi gani zamani, ilibadilika namna gani, na kwa nini jambo hili linagusa hata watoto waliozaliwa katika vita.

Kwa Wahunde wa Masisi na Wanyanga wa Walikale, mali ilikuwa hasa mbuzi. Katika pori la Wanyanga hapakuwa fasi ya kuchungia ng'ombe. Walikuwa pia na butea, yaani pete za nyuzi za mti zilizotumika sawa feza. Mbuzi wa dada hawakukaa sana pa nyumba ya baba. Walitoka tena kwa kumwolea kaka yake bibi. Hivi ndoa moja ilishika ndoa nyingine. Hapo palikuwa na uzuri na ubaya. Uzuri ni kwamba jamaa mbili zilikuwa na sababu ya kupatanisha bwana na bibi wakigombana. Ubaya ni kwamba dada aliyepigwa na bwana wake aliweza kurudishwa kule, juu kaka hana tena mbuzi za kurudisha. Tusifiche jambo hilo tunaposifu desturi.

Wazee wenyewe walijua hatari ya kupenda mali kupita watu. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, msimuliaji Candi Rureke alisimulia kwa siku 12 habari za Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji. Biebuyck na ndugu yetu Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Ndani yake mwami Shemwindo wa Tubondo anaagiza bibi zake saba wazae wasichana tu. Akizaliwa mvulana, atauawa. Sababu wasikilizaji waliielewa bila kufundishwa: wasichana wanaleta mali, mvulana anaimaliza. Mwindo anazaliwa, baba anatafuta kumwua, na anayempokea ni shangazi yake Iyangura. Mwisho Shemwindo anaona haya mbele ya watu wake na kugawana utawala na mwana. Huyo ndiye baba mwenye tamaa ya mali, na watu walimcheka usiku kucha karibu na moto.

Lakini kazi kubwa ya mali ilikuwa kujibu swali moja: mtoto ni wa nani? Mali ikitolewa, watoto ni wa jamaa ya baba, watapata kwake jina na shamba. Mali isipotolewa, mtoto ni wa jamaa ya mama. Babu na wajomba wanamlea na kumpa fasi ya kulima. Kwa Wanyanga walikuwako hata wanawake waliowekwa wakfu kwa pepo. Hao hawakuolewa sawa wengine. Waliweza kuwa na rafiki wa kiume, na watoto wao walihesabiwa katika jamaa ya baba wa mwanamke. Watoto wale hawakuitwa takataka. Angalieni vizuri: desturi ilikuwa na milango miwili, na mtoto aliyekosa mmoja aliingia kwa mwingine. Hakuna aliyebaki inje.

Zamani za Wabelgiji mambo yaligeuka. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za bibi wengi kuanzia Januari 1951. Watu wakaendelea kwa kificho, na bibi wa pili akabaki bila karatasi. Tangu 1937 mpaka 1955 serikali ya kolonia ilileta watu kutoka Rwanda, wapata 85 000, wengi wakawekwa Masisi, kwa Gishari na pembeni yake. Kwao mali, inkwano, ni ng'ombe. Vilima vya Masisi vikawa malisho, na ng'ombe akaingia hata katika hesabu ya majirani. Wakati huohuo mashamba makubwa ya Wazungu yalilipa mshahara, na pesa ikaingia. Mbuzi anazaa na kurudi kwa njia ya ndoa nyingine. Pesa inaliwa inaisha. Tunaona hapo ndipo neno “kuuzisha” lilipoanza kupata nguvu.

Hata hivyo watu walioana. Mhunde alioa kwa Wahutu, Mtutsi alitoa binti kwa Wahunde, Mnyanga akawa mkwe wa jirani mwenye lugha ingine. Halafu tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Maelfu walikufa, na watu wapata 250 000 walikimbia. Ndani ya nyumba za ndoa zile swali la zamani lilirudi kwa sura mbaya: mtoto huyu ni wa nani, ni wa kabila gani? Mama aliulizwa arudi kwao bila watoto, ao abaki bila ndugu. Lakini zilikuwako pia jamaa zilizoficha wakwe zao, kwa sababu mali iliyotolewa zamani iliwafanya kuwa ndugu.

Tangu miaka ya 2000 kasiteriti ya Bisie, kule Walikale, na koltani ya Rubaya, kule Masisi, zilipandisha dola katika mazungumzo ya ndoa. Kijana asiye na kitu anaishi na binti bila kuongea na wazee, wanazaa, na siku shamba linagawanywa wanaambiwa: “Mali haikutoka, mutoto si wetu.” Na kwa mama wanaambiwa: “Baba yake anajulikana, muende kwake.” Milango miwili imefungwa pamoja.

Kuna jambo zito zaidi. Tangu tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua na Mpofi, Luvungi ikiwamo, wapiganaji walibaka watu 387 kwa uchache, kadiri ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Wanaume na watoto walikuwamo. Sheka, mmoja wa wakubwa wa makundi yale, alihukumiwa kifungo cha maisha na korti ya kijeshi huko Goma, Novemba 2020. Hukumu ni jambo jema. Lakini korti haiwezi kumrudisha mwanamke pa kitanda chake. Katika vita hivi vyote, bwana wengine walifukuza bibi zao waliobakwa, na watoto waliozaliwa wakaitwa kwa majina ya adui. Wanaofanya vile wanasema: “Ni desturi yetu.”

Sisi tunakataa. Desturi yetu haikumwacha mtoto bila jamaa. Mtoto asiye na mali alikuwa wa wajomba, akala chungu kimoja na wenzake. Sheria nayo inasema karibu vilevile: Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 inatangaza katika kifungu cha 591 kwamba kila mtoto Mkongomani anapaswa kuwa na baba. Kanuni hiyo inakubali mali, na inataka angalau sehemu itoke mbele ya ndoa kufungwa. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka miaka 18 kwa binti sawa kwa kijana. Mbele ya hapo binti alikubaliwa kwa miaka 15.

Basi wazee, mkikaa kuhesabu mbuzi, hesabuni kwa kiasi kijana anachoweza, na muulizeni binti kwa kinywa chake mwenyewe kama anamtaka. Ninyi wajomba, mtoto akifika mlangoni bila baba, fungueni. Wazee waliotuzaa walifungua.