Redio ya data ya zamani: Usiizime kabla masika hayajapita

Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalizamisha nyumba na mashamba wilayani Rufiji na Kibiti. Maeneo kama haya, kipimo cha kina cha maji kinachotuma taarifa kwa redio kinaweza kuokoa watu. Unataka kukihamishia kwenye mtandao wa kisasa usio na waya? Zingatia haya.

Kasi: Redio nyingi za zamani hutuma biti 9,600 kwa sekunde. Vifaa vya gigahezi 5 hutuma mamilioni, hata video inapita.

Umbali: Hapa ndipo wengi hukwama. Mawimbi ya gigahezi 5 huzuiwa na majani, na delta imejaa mikoko. Antena lazima zionane, hivyo mnara upite vilele vya miti. Redio ya masafa ya chini huvumilia zaidi.

Umeme: Kifaa kipya kinaweza kula umeme mwingi. Piga upya hesabu ya sola na betri.

Kibali: Hakikisha kifaa na masafa yake vinakubaliwa na TCRA.

Kumbuka, taarifa ya kina cha maji ni tarakimu chache tu. Haihitaji kasi, inahitaji kufika. Basi endesha mitambo yote miwili masika nzima, ndipo uzime wa zamani.