Kijana Wako Akienda Kibera au Kawangware, Mnunulie Laini Gani?

Miaka miwili iliyopita shangazi yangu alifariki Malindi, muda mchache baada ya sala ya alfajiri. Sisi maiti hatumkawizi. Wazee wakaafikiana azikwe baada ya adhuhuri, na mimi nikapewa kazi ya kuwaarifu walio mbali. Mwanawe wa mwisho ni mlinzi wa usiku huko Lavington, Nairobi, na amepanga chumba cha mabati Kawangware, upande wanaouita Congo. Nikampigia. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga kwa simu ya mke wangu, nikamtumia ujumbe, nikapiga tena. Kufikia saa tano nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Kumbe alikuwa amelala chumbani kwake baada ya zamu, simu iko kando ya mto wake, imejaa chaji. Ndani ya chumba kile laini yake haikushika mtandao kabisa. Saa nane na nusu akatoka kwenda kuchota maji, na simu ikaanza kulia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mama yake alikuwa keshazikwa. Angepatikana saa kumi na mbili asubuhi tungechanga nauli ya ndege na mazishi yangesogezwa hadi alasiri. Alifika kwa basi la usiku, akaenda moja kwa moja makaburini.

Mtandao wenyewe siutaji, maana kosa halikuwa lake peke yake. Mwezi mmoja kabla, binamu yangu aliweka kando laini yake ya zamani akachukua nyingine kwa sababu bando zilikuwa rahisi. Hakuijaribu ndani ya chumba anacholala. Hata mimi nisingejaribu.

Tangu siku hiyo jamaa na majirani hapa nyumbani huniuliza, kijana wangu anakwenda Nairobi, achukue laini gani? Vijana wetu wengi wakifika huko huanzia Kibera au Kawangware, kwa kuwa ndiko kodi inakowezekana na kazi ziko karibu kwa miguu. Basi mwaka jana nilipokwenda kwa dada yangu Makina, Kibera, nikakaa wiki mbili, nilibeba simu ya laini mbili na daftari, na mara tatu nikapanda matatu kwenda kwa binamu Kawangware. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mitandao yenyewe. Safaricom ndiyo kubwa, ina karibu theluthi mbili ya laini zote nchini. Ya pili ni Airtel, ambayo watu wa rika langu waliijua kama Kencell mwaka 2000, kisha Celtel, kisha Zain, mpaka 2010 ilipopata jina la sasa. Telkom, iliyokuwa Orange, ipo lakini imedhoofika. Mwaka 2023 minara mingi iliyokuwa ikiitumia ilizimwa kwa sababu ya deni, na wateja wengi wakakimbia. Equitel ya benki ya Equity haina minara yake, hutumia ya Airtel. Kwa hivyo mahali Airtel haishiki, usitarajie Equitel ishike. Watu wengi hawajui hilo, hununua zote mbili wakidhani wamejikinga. Faiba ya kampuni ya Jamii ilianza kuuza laini zake mwishoni mwa 2017, na intaneti yake husifiwa, lakini haina 2G wala 3G. Ukiiweka kwenye mulika mwizi haitafanya kitu.

Wale wanaokumbuka yu nao wana la kujifunza. Ilianza 2008, bei zake zilikuwa chini kuliko wote, vijana wakaipenda. Kufikia mwanzoni mwa 2015 haikuwepo tena: wateja walichukuliwa na Airtel, minara ikachukuliwa na Safaricom.

Sasa kuhusu kushika mtandao. Ukiuliza dukani, kila muuzaji atakwambia mtandao wake umejaa Nairobi nzima. Ni kweli, lakini Nairobi ya barabarani. Ukuta wa mabati huirudisha nyuma mawimbi ya simu, na chumba chenye mabati juu na pande zote, kilichozungukwa na vyumba vingine kama hicho, ni kama sanduku. Makina kwa dada yangu, karibu na barabara, laini zote mbili zilishika vizuri. Nilipoteremka Silanga, bondeni karibu na Nairobi Dam, laini moja ilibaki na alama moja tu, na nilipoingia chumbani kwa rafiki wa shemeji yangu ikapotea. Kawangware tatizo ni tofauti kidogo. Siku hizi magorofa ya mawe yanainuka katikati ya mabati, na chumba cha chini kilichobanwa kati ya magorofa mawili huwa kigumu kuliko kile cha mabati cha kandokando ya njia. Hatua ishirini hugeuza jibu. Ndiyo maana mtu akikwambia "Kibera laini fulani ndiyo nzuri" muulize Kibera ipi, Olympic au Lindi, ndani au nje.

Kujaribu kwenyewe hakuna gharama kubwa. Azima laini za mitandao miwili kwa majirani kabla hujanunua yako. Ingia chumbani, funga mlango, weka simu pale utakapolala, si mkononi dirishani, kisha mtu akupigie. Fanya hivyo asubuhi, kisha tena baada ya isha. Usiku ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu alama nne za mtandao hukuonyesha kwamba mnara unakusikia, hazikuonyeshi watu wangapi wanaugawana. Baada ya isha watu wote wamerudi kutoka kazini na kila mmoja anatazama video. Niliwahi kukaa Makina na alama zote nne, na picha moja ya WhatsApp ikanichukua dakika sita. Jaribu tena siku stima imepotea mtaani. Tena kumbuka kwamba simu inayohangaika kutafuta mnara humaliza chaji upesi, na wengine huko hulipia kuchajiwa simu.

Bei za kupiga simu, nasema hivi wengine watanipinga, si jambo la kukukosesha usingizi. Zamani zilikuwa. Kabla ya 2010 kupiga nje ya mtandao wako kulikuwa ghali, na watu walibeba laini tatu ili kila mtu apigiwe kwa mtandao wake. Mwaka huo wasimamizi wa mawasiliano walipunguza kwa nusu ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine simu inapovuka, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Zain ikashusha bei hadi shilingi 3 kwa dakika. Ada hiyo iliendelea kushuka, na Machi 2024 ilifika senti 41. Kilichobaki ni vita vya bando.

Na bando isome vizuri. Kwa kawaida Airtel hukupa data na dakika zaidi kwa pesa ile ile; hilo sitalikataa. Lakini angalia muda. Bando ya saa moja ni rahisi kwa mtu aliyekaa mahali mtandao unashika vizuri. Kwa mtu aliye ndani ya mabati ambaye picha inamchukua dakika sita, saa itakwisha na data ingali humo. Bando zisizo na muda wa kuisha, ambazo Safaricom ilianza kuuza Oktoba 2019, ni ghali ukihesabu kwa megabaiti, ila hazipotei usiku ukilala. Binamu yangu yuko kazini usiku kucha na mchana amelala. Bando ya siku nzima humfaa nusu tu. Na kama mahali unapoishi kuna waya au Wi-Fi ya mtaa, kama ile ya Poa ambayo imeenea Kibera na Kawangware, hesabu hubadilika kabisa: data utaipata huko, laini ibaki ya kupatikana na ya pesa.

Pesa ndipo hasa penye uamuzi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na haikupita mwaka Kibera ikaonja umuhimu wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mtaa ulifungika kwa ghasia, watu hawakuweza kutoka kwenda benki wala kazini, na jamaa zao wa nje wakawatumia pesa na kredo kwa simu. Mtafiti Olga Morawczynski, aliyekuwa akifanya kazi yake Kibera na kijijini Bukura, aliyaandika hayo. Imani iliyojengwa wakati huo haijatoka. Leo sehemu kubwa sana ya akaunti za pesa za simu nchini ziko M-Pesa. Maana yake kwa kijana wako ni kwamba tajiri wake atamlipa kwa M-Pesa, mwenye nyumba atataka kodi kwa M-Pesa, na mama hapa Pwani anamjua wakala wa M-Pesa wa kona ile.

Tangu 2018 unaweza kutuma kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money na kurudi. Lakini wakala wa huyu hakutolei pesa za yule. Airtel Money hutoza nafuu, ila kabla hujaitegemea zunguka karibu na chumba chako uhesabu mawakala wake walio na pesa taslimu saa mbili usiku. Mimi nilihesabu Kawangware, kuanzia stage ya 46 kuingia ndani. Vibanda vya M-Pesa niliacha kuhesabu nilipofika thelathini. Vya Airtel Money nilipata sita, na viwili kati ya hivyo vilinijibu kwamba pesa zimekwisha.

Hata hivyo M-Pesa nayo hula asiyehesabu. Kwa bei zilizoanza Julai 2023, kutoa kwa wakala kiasi chochote kuanzia shilingi 101 hadi 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 200 ni 29, ukitoa 2,500 ni 29 hiyo hiyo. Chukua kijana wa mjengo anayelipwa kila jioni na kutoa 500 kila siku, siku sita. Atakatwa 174. Angengoja Jumamosi atoe 3,000 mara moja angekatwa 52. Tofauti hiyo ya shilingi 122 kwa wiki inapita faida yote ya bando za bei nafuu ambazo watu hubadilishia laini. Kutuma shilingi 100 au chini ni bure, kutuma 1,000 ni shilingi 13. Kununua dukani kwa nambari ya till mnunuzi hakatwi kitu, lakini mwenye kibanda akikupa nambari yake ya kawaida unakatwa kama unayemtumia ndugu yako. Kwa hiyo mwambie kijana asitoe pesa ili akanunue unga. Alipe kwa till.

Kuna wanaosema, si unaweza kuhama na nambari yako? Ndiyo, tangu Aprili 2011 sheria inaruhusu kuhamia mtandao mwingine ukabaki na nambari ile ile. Ila M-Pesa haihami nawe. Hapo ndipo wengi walirudi nyuma.

Jambo jingine ambalo wazazi hulisahau ni jina. Vijana wetu wengine huenda Nairobi kabla kitambulisho hakijatoka, wakasajiliwa laini kwa jina la binamu au la mwenzao wa chumba. Simu ikiibwa, na Kibera na Kawangware huibwa kama Mombasa inavyoibwa, mwenye jina ndiye pekee anayeweza kurudishiwa laini na pesa zilizomo. Wakishakosana, pesa zimekwenda. Mwenye Safaricom abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Dada yangu alibonyeza mbele yangu akapata moja asiyoijua.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, kwa mtu anayeanza maisha mitaa hiyo miwili, jibu langu ni simu ya laini mbili, hata ile ya kubonyeza. Laini ya kwanza Safaricom kwa jina lake mwenyewe, hiyo ya pesa na ya kupatikana, na haibadilishwi. Ya pili Airtel kwa bando, kama chumba chake kinaishika. Kama haishiki, asipoteze pesa. Na kama Safaricom ndiyo isiyoshika chumbani, jambo ambalo nililiona nyumba mbili Silanga, basi atundike simu kwenye msumari karibu na dirisha, sauti juu.

Binamu yangu alifanya hivyo. Amerudisha laini yake ya zamani, simu ndogo inaning'inia juu ya mlango. Pia alinitumia nambari mbili za ziada, ya mke wa jirani anayeuza mboga nje ya ploti na ya muadhini wa msikiti anaosali, mmoja Airtel, mwingine Safaricom. Nimeziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na mke wangu ameziandika zake ukutani jikoni.