Bastola ya zamani na alama za Liège

Mu Katanga, mutu wa jamaa ya Bayeke anajua vizuri tarehe 20 Desemba 1891. Siku ile Kapiteni Bodson, Mubelgiji wa msafara wa Stairs, alimupiga Mwami Msiri masasi ya bastola karibu na Bunkeya, na yeye Bodson akapigwa palepale na watu wa Mwami, akakufa. Msiri alikuwa ametoka upande wa Unyamwezi, akajenga ufalme wa Garenganze kwa shaba, pembe za tembo na bunduki zilizofika toka pwani. Basi silaha za zamani ziko na heshima kubwa kwetu, na kila bastola yenye kutu inataka kuwa ile ya Bodson.

Moja yao ililetwa mbele yetu na jamaa ya Likasi. Iko na matundu sita ya masasi na mupini wa mti. Imekufa tangu zamani: mututu umezibwa na chuma, ncha ya nyundo imekatwa, na jamaa ilikuwa na karatasi za serikali. Hata hivyo tulichungulia kila tundu mbele ya kugusa kitu kingine. Tunaomba kila musomaji afanye vile, hata akiambiwa mara kumi kwamba silaha imekufa.

Vijana wa jamaa walikuwa wamekwisha kununua musasa na brosi ya chuma, wakatafuta ndimu, ili ing'ae kama sahani mupya. Tuliwakataza. Juu ya nini? Juu habari yote ya bastola kama hii iko mu alama ndogo zilizogongwa ndani ya chuma, nazo hazina kina. Musasa wa nusu saa unazifuta, na kisha pale hata mutu mwenye akili gani hawezi kuzirudisha.

Tulianza na kitambaa na mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya ngazi, ambayo wazee wengi wanapakaa, si mazuri: yanaganda, yanashika vumbi, tena yanakula chuma polepole. Kutu nyekundu tuliitoa kwa kijiti cha mwanzi kilicholowa mafuta, siku kwa siku. Ile rangi nyeusi-nyeusi ya chini tuliiacha, sababu ni ngozi ya chuma chenyewe. Vise mbili zilikataa kufunguka. Tuliziwekea mafuta tukangoja juma nzima, tukatafuta turnevise yenye kuingia sawasawa. Turnevise nyembamba inaharibu kichwa cha vise, na kila fundi atakaekuja nyuma ataona aibu hiyo. Gashete haikurudi kufanya kazi, nasi hatukuilazimisha.

Siku ya tisa tulisoma, kwa kioo cha kukuza: herufi ELG na nyota, ndani ya duara ndefu kama yai. Watu wengi wanazani ELG ni jina la kiwanda. Hapana. Ni alama ya nyumba ya kupima silaha ya Liège, muji wa Ubelgiji uliojaa wafua bunduki. Kule walishindilia baruti kuzidi kipimo cha kawaida, wakapiga. Silaha ikishinda bila kupasuka, inagongwa alama. Kwa hiyo ELG iko juu ya bastola za mafundi wengi sana, wa jina na wasio na jina. Hii yetu haina jina la fundi.

Lakini juu ya ile duara kulikuwa taji. Hapa ndipo kesi ilikatika. Taji ile iliongezwa tangu Julai 1893. (Kuna pia taji ndogo juu ya herufi moja ya mukaguzi, hiyo ni ya zamani kidogo, isichanganywe.) Mu mwaka wa 1893 Bodson alikuwa kaburini karibu miaka miwili. Bastola hii haikumwua Msiri.

Muzee wa jamaa alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: kama si ya Bodson, basi babu aliipata wapi? Kwa maoni yetu, swali hilo linapita lile la kwanza. Mukataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa. Walioachiwa ni gobore za kushindilia kwa mbele. Bastola mu nyumba ya mutu mweusi, wakati ule, ilipita basi mu mukono wa mutu fulani: ofisa aliyelipa deni, askari wa Force Publique, boyi aliyerizi vitu vya bwana wake, ao mwizi. Mama mukubwa wa jamaa, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, alikumbuka kwamba babu yule alibeba mizigo ya Wazungu toka ujana wake, na kwamba bibi ndiye alificha bastola ndani ya chungu cha mahindi kila walipopita wakaguzi wa kodi.

Kwenye kibandiko tuliandika: Bastola ya Liège, ilipimwa kisha Julai 1893. Muzee aliomba tuongeze jina la bibi, tukaongeza.